Bwawa Lililojaa Si Lazima Liwe Bovu: Tuulize Limekalia Udongo Gani

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyobeba tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mteremko wa Kijabe na kupita juu ya makazi ya watu karibu na Mai Mahiu, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya. Makumi ya watu walikufa, wengi wao wakiwa bado wamelala. Habari za kwanza zilizosambaa zilisema kwamba bwawa la Old Kijabe limepasuka, na hadi leo wapo wengi wanaoamini hivyo. Wizara ya Maji ilieleza baadaye kwamba mahali pale hapakuwa na bwawa: palikuwa na tuta la reli, na chini yake kalavati lililozibwa na miti, mawe na udongo hadi maji yakajikusanya nyuma ya tuta na kulivunja. Siku chache baadaye, serikali iliwaamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178, zilizokuwa zimejaa au zinakaribia kujaa, wahame ndani ya saa 24.

Siipingi amri ya kuwaondoa watu kwenye njia ya maji mvua inapozidi. Uhai haungoji majibu ya maabara. Ninachokipinga ni kipimo tulichobaki nacho baada ya mvua kukatika. Tangu wakati ule, masika yanapokaribia, swali linalotawala mazungumzo ni moja: mabwawa yamejaa kiasi gani? Bwawa lililojaa huonekana adui, lililo nusu huonekana salama, na tuta likibomoka lawama zote hubebeshwa mvua. Hoja yangu ni kwamba tunakodolea macho usawa wa maji wakati jambo lenyewe linaamuliwa chini ya tuta. Bwawa husanifiwa lijae. Kujaa ndiyo kazi yake. Kinachoamua kama litajaa na kubaki limesimama ni udongo lililoukalia, jinsi udongo huo ulivyochunguzwa kabla ya katapila la kwanza kufika, na kama wajenzi waliisikiliza tabia yake au waliipuuza.

Jambo hili lina uzito wa pekee sasa kwa sababu tumo katika kipindi cha kujenga. Mwaka 2023 Kenya ilitangaza mpango wa mabwawa makubwa 100 kwa ubia na sekta binafsi. Tanzania, kupitia Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, imeongeza ujenzi wa mabwawa ya umwagiliaji katika mikoa yenye ukame kama Dodoma, huku Kidunda mkoani Morogoro ikijengwa kwa ajili ya maji ya Dar es Salaam. Pembeni ya miradi hiyo inayotajwa katika hotuba yapo malambo ya mifugo, ambayo Wakenya wengi huyaita masilanga, yanayochimbwa na halmashauri, kaunti, makanisa na wenye mashamba. Karibu yote haya madogo ni ya tuta la udongo, na si kwa bahati mbaya. Udongo upo palepale, na tuta la udongo hunyumbulika: msingi ukididimia kidogo, tuta huufuata bila kupasuka kama ukuta wa zege ambao ungepasuka. Ndiyo maana tuta la udongo huchaguliwa hasa pale ambapo mwamba mzuri haupo karibu, na ndiyo maana pia linakutana na udongo wenye matatizo kuliko aina nyingine yoyote ya bwawa.

Yafaa kwanza kueleweka kwamba kila tuta la udongo huvuja. Hakuna mfinyanzi unaozuia maji kabisa, na hakuna msingi wa udongo usiopitisha chochote. Mhandisi hakusudii kuufuta mvujo huo. Anakusudia kuurefushia njia, kuupunguzia kasi, na kuhakikisha kwamba maji yanapotoka upande wa chini yanatoka bila kubeba hata chembe ya udongo. Kwa ajili hiyo huchimbwa mtaro chini ya tuta, unaoshuka hadi kwenye tabaka lisilopitisha maji kwa urahisi, na kujazwa mfinyanzi ulioshindiliwa. Tabaka hilo likiwa mbali mno, hutandikwa zulia la mfinyanzi upande wa ziwa ili maji yasafiri umbali mrefu zaidi kabla ya kupita chini. Upande wa nyuma huwekwa chujio la mchanga uliopimwa ukubwa wa chembe zake, ili lipitishe maji na kuzuia udongo. Chujio hilo likikosekana, maji huanza kujichimbia njia kutoka mguu wa tuta, yaani pale mteremko wake wa nyuma unapokutana na ardhi, kurudi nyuma kuelekea ziwani, kidogo kidogo, kama panya anayetoboa gunia kwa ndani, na mtu anayesimama juu ya tuta haoni chochote hadi saa za mwisho. Kwa hiyo maji safi yanayochuruzika kwenye mguu wa tuta si habari mbaya. Maji yenye tope, hata yakiwa machache, ni habari mbaya sana, liwe bwawa limejaa au la.

Mifano miwili ya mbali inatosha kuonyesha jinsi usawa wa maji unavyoweza kutudanganya. Bwawa la Teton, katika jimbo la Idaho nchini Marekani, lilibomoka tarehe 5 Juni 1976 likiwa bado linajazwa kwa mara ya kwanza. Maji hayakuwa yamefikia njia ya kumwagia maji ya ziada. Mvujo wenye tope ulionekana asubuhi, na kabla ya saa sita mchana kutimia tuta lilikuwa limekatika. Watu 11 walikufa. Msingi wake ulikuwa mwamba wa volkano wenye nyufa nyingi, na mtaro wa kuzuia maji ulijazwa udongo laini uliowahi kupeperushwa na upepo, udongo ambao ukiguswa na maji yanayotembea humomonyoka kama unga. Nyufa za mwamba zilikuwa ndizo njia, na udongo ndio uliosafirishwa. Mfano wa pili unanigusa zaidi. Mwezi Juni 1984, tuta la Carsington nchini Uingereza liliteleza upande wa ziwa likiwa limekaribia kimo chake kamili, na ziwani hamkuwa na maji hata kidogo. Chini ya tuta lilikuwa limeachwa tabaka la mfinyanzi wa manjano lenye mikwaruzo ya kale, yaani nyuso laini ambako udongo ulikwisha kuteleza zamani za barafu na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Tuta lilipofikia uzito fulani, lilipita juu ya nyuso hizo. Maji ya ziwa hayakuhusika, na orodha ya mabwawa yaliyojaa isingelitaja kamwe.

Turudi nyumbani, kwa kuwa Afrika Mashariki ina karibu kila aina ya udongo unaomkosesha mhandisi usingizi. Kwenye nyanda za Mwea, Athi, Shinyanga na Wembere umo udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ukiacha nyufa ambazo mkono mzima huingia. Tuta lililojengwa kwa udongo huo na kuachwa tupu mwaka wa ukame hupokea mvua ya kwanza kupitia nyufa zake, si kupitia chembe zake, na hapo hesabu zote za upitishaji maji zilizofanywa maabara huwa hazina maana. Katika Bonde la Ufa kuna majivu ya volkano, mepesi na yanayosombwa kwa urahisi. Wengi wanaukumbuka ufa mkubwa uliofunguka kwenye barabara ya kwenda Narok, karibu na Mai Mahiu, mwezi Machi 2018. Picha zake zilizunguka dunia zikiambatana na maneno kwamba Afrika inagawanyika, lakini wanajiolojia kadhaa walieleza jambo la karibu zaidi na sisi: maji ya mvua yaliyapita na kuyasomba majivu yaliyojaza mipasuko ya kale chini ya ardhi, na uso wa juu ukaporomoka. Ardhi inayoweza kufanya hivyo chini ya barabara inaweza kufanya hivyo chini ya tuta la bwawa.

Kuna pia aina ambayo haijulikani sana hata miongoni mwa mafundi, nayo ni mfinyanzi unaojitawanya. Hupatikana katika maeneo makavu ambako sodiamu imeshika nafasi ya kalisi katika chembe za mfinyanzi. Ukiutazama na kuushika ni mfinyanzi mzuri, unanata na unafinyangika, lakini ukitumbukizwa katika maji yasiyo na chumvi nyingi, chembe zake huachana zenyewe na kuelea, bila kuhitaji kasi ya maji. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kuliona lambo jipya katika kijiji kimoja cha Tanzania ya kati. Mzee mmoja mfugaji alituonyesha dimbwi lililokuwa pale tangu utoto wake akasema, “Wanangu, maji ya hapa hayatulii. Mwaka mzima ni meupe kama maziwa.” Kijana wa mkandarasi aliyekuwa nasi alimjibu kwa heshima, “Shikamoo mzee, tutayatibu kwa dawa,” na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya dizeli. Lambo lilijaa mara moja. Mvua za kwanza zilipoisha, palikuwa na tundu lililopita kutoka upande mmoja wa tuta hadi wa pili, ambalo mtoto angeweza kutambaa ndani yake. Maji yasiyotulia ndiyo yaliyokuwa ripoti ya udongo, na ilitolewa bure na mtu aliyeyanywa kwa miaka sitini. Kipimo cha kuithibitisha kingekuwa bonge la udongo ndani ya glasi ya maji safi na subira ya saa moja. Tiba nayo inajulikana: chokaa au jasi ikichanganywa na udongo wa nje, na chujio la mchanga lililojengwa kwa uangalifu.

Ninayataja haya si kwa ajili ya kusema kwamba udongo wetu haufai. Historia ya eneo hili ina ushahidi wa kinyume, na ninasikitika kwamba haufundishwi zaidi ya ilivyo. Bwawa la Sasumua, chini ya milima ya Nyandarua huko Kinangop, lilijengwa katika miaka ya 1950 ili kuipatia Nairobi maji. Udongo uliokuwapo ulikuwa mfinyanzi mwekundu wa volkano, na vipimo vya kawaida vya maabara viliuweka miongoni mwa udongo ambao mhandisi wa Ulaya angeukataa: ulihitaji maji mengi mno ili ushindiliwe vizuri, na ukishakauka uzito wake ulikuwa mdogo kuliko ilivyotarajiwa. Karl Terzaghi, mtu anayehesabiwa kuwa mwasisi wa sayansi ya mekanika ya udongo, alihusika kutoa ushauri, na mwaka 1958 alichapisha maelezo ya usanifu na mwenendo wa bwawa hilo, ambayo wahandisi wa udongo wa nchi za joto wanayasoma hadi leo. Alieleza kwamba udongo ule una madini ya haloisaiti, na kwamba chembe zake zimejishika pamoja katika vibonge vidogo vigumu vyenye vinyweleo. Maji mengi yaliyokuwa yakipimwa yalikuwa yamefungiwa ndani ya vibonge hivyo, hayakuwa yakiulainisha udongo. Kwa hiyo udongo ulioonekana dhaifu kwenye karatasi ulikuwa na nguvu ya kutosha, na ulizuia maji vizuri.

Ninasisitiza Sasumua kwa sababu mbili. Kwanza, udongo wa aina hiyo ukikaushwa ndani ya tanuri, kama taratibu za kawaida zinavyoagiza, hubadilika usirudi tena katika hali yake ya asili, na majibu ya maabara yanaeleza udongo mwingine kabisa, usio chini ya tuta. Vitabu vya viwango tulivyorithi viliandikwa kwa kuzingatia udongo wa nchi zilizopitiwa na barafu. Maabara inayovifuata neno kwa neno inaweza kukosea huku imetimiza kila kifungu. Pili, hitilafu ya vipimo ilikuwa inaweza kuelekea upande wowote. Pale Sasumua udongo mzuri ulikaribia kuitwa mbaya. Kwenye lambo nililolitaja, udongo mbaya uliitwa mzuri. Katika hali zote mbili jina la udongo halikutosha. Ilibidi mtu auchunguze udongo wenyewe, ukiwa na unyevu wake, katika mahali pake.

Wapo wanaonipinga, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ya wale wanaosema kwamba mvua na utoro wa maji, yaani njia ya kumwagia maji ya ziada, ndivyo tatizo kuu. Utafiti mkubwa uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2000, uliochambua mabwawa makubwa ya tuta duniani, uligundua kwamba karibu nusu ya yaliyobomoka yalibomolewa na maji yaliyopita juu yake au na kasoro za njia za kumwagia. Mabwawa mawili ya Derna nchini Libya yalikwenda na maji usiku wa kuamkia tarehe 11 Septemba 2023, dhoruba Daniel ilipoleta maji yaliyoyashinda. Na Sasumua yenyewe, ambayo nimeisifu, iliharibiwa utoro wake na mafuriko ya mwaka 2003. Ninakubali yote hayo, na ninakubali kwamba katika hali ya hewa ya sasa, utoro uliopimwa kwa mvua za miaka ya 1960 hautoshi. Lakini utafiti huohuo unaonyesha kwamba karibu nusu nyingine ilitokana na maji kujichimbia njia ndani ya tuta au chini yake, na nusu hiyo haina msimu. Zaidi ya hapo, nusu hizi mbili hazijatengana kama takwimu zinavyoonyesha. Tuta lililokalia mfinyanzi laini hudidimia, nalo hudidimia zaidi katikati ya bonde, pale ambapo udongo laini ni wa kina kirefu na tuta ni refu zaidi. Baada ya miaka michache ukingo wa juu uliokuwa umenyooka huwa umebonyea, na maji ya mafuriko yanapopanda hupata mlango palepale, kabla hata utoro haujafanya kazi yake yote. Mchunguzi ataandika kwamba maji yalipita juu. Ni kweli, lakini aliyeyafungulia mlango ni msingi.

Hoja ya pili ni ya gharama, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu, hasa wahandisi wa halmashauri ambao bajeti yao yote ya lambo haizidi gharama ya mashine moja ya kuchoronga kwa mwezi. Wanauliza: tuache watu na mifugo yao bila maji kwa sababu hatuna ripoti? Sidhani jibu ni kuacha. Uchunguzi wa msingi una ngazi, na ngazi ya chini ni ya bei nafuu. Mashimo ya kuchimbwa kwa jembe na sururu kwenye mstari wa tuta, yenye kina cha mita tatu au nne na yaliyowekewa tegemeo ili yasimfukie mchimbaji, huonyesha mpangilio wa tabaka kuliko picha yoyote. Kekee ya mkono hufika mbali zaidi. Kipimo cha glasi hakihitaji umeme. Kuwauliza wazee wapi ng'ombe hukwama, wapi kisima hukauka kwanza na wapi mchwa wamejenga sana, kunahitaji adabu na nusu siku tu, na mchwa si jambo dogo: vijia vyao ndani ya msingi na ndani ya tuta ni mabomba yaliyokwisha kuchimbwa. Kiwango cha uchunguzi kifuate idadi ya watu walio chini ya bwawa, kisifuate urefu wa tuta peke yake. Tafsiri ya kimataifa huliita bwawa kubwa likifika mita 15, au mita 5 likiwa na zaidi ya mita za ujazo milioni 3, lakini bwawa la shambani la Solai lililobomoka tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu 48 halikuhitaji kuwa miongoni mwa majina maarufu ili liangamize kitongoji.

Wengine husema kwamba udongo ukiwa mbaya, mradi uhamishwe, au lijengwe bwawa la zege. Zege lahitaji mwamba, kwa hiyo pendekezo hilo la pili hujibatilisha lenyewe mahali ambapo mwamba uko mbali. Kuhama kunawezekana mara chache, kwa sababu mabonde mazuri yalikwisha kutumiwa na watu wanaohitaji maji wanaishi mahali walipo. Bwawa Kuu la Aswan nchini Misri, lililokamilika mwaka 1970, limekalia mashapo ya mto Nile yenye kina cha zaidi ya mita 200. Wajenzi wake hawakuhama, walidunga pazia la saruji na mfinyanzi ndani ya mashapo hayo ili kuyakata maji. Huko British Columbia nchini Kanada, Terzaghi mwenyewe alisanifu bwawa juu ya mfinyanzi alioujua kuwa ungedidimia sana, akaufunika upande wa ziwa kwa utando wa plastiki unaonyumbulika kwa sababu alitarajia nyufa. Leo bwawa hilo lina jina lake. Msingi wenye matatizo unajengeka mtu akikubali kwamba una matatizo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya inayosikika zaidi vijijini na hata maofisini, ni kwamba malambo ya enzi za ukoloni yalijengwa bila ripoti ndefu na bado yamesimama. Yanayoonekana yamesimama ni yale yaliyosimama. Yaliyokatika mwaka wa kwanza yaliacha bonde na majani, na hakuna anayeyahesabu. Tena mengi ya yale yaliyobaki yamejaa mchanga na tope kiasi kwamba hayabebi tena mzigo wa maji yaliyosanifiwa kuubeba, na uzima wao hautuambii lolote kuhusu uwezo wa msingi. Isitoshe, baadhi ya yanayoharibu tuta huenda polepole sana: chujio lililoziba, mizizi ya mti ulioachwa ukue mguuni mwa tuta na kuoza baada ya kukatwa, chumvi inayoyeyuka mwaka hadi mwaka kutoka kwenye msingi. Umri wa bwawa si cheti cha afya yake.

Kama hoja yangu ina ukweli, basi mambo kadhaa katika namna tunavyotoa zabuni hayana budi kubadilika. Uchunguzi wa msingi unapowekwa ndani ya bei moja ya jumla pamoja na usanifu na ujenzi, kama mikataba ya ubia inavyoelekea kufanya, mkandarasi hushindana kwa bei, na kitu rahisi zaidi kupunguza ni mashimo ambayo hakuna atakayeyaona yakishafukiwa. Wahandisi wamezoea kuchunguza hadi kina kisichopungua kimo cha tuta, na zaidi pale ambapo tabaka laini linaendelea. Lakini mshindani anayepanga mashimo mengi na marefu hupoteza zabuni kwa yule anayepanga machache. Kazi hiyo ilipwe na mwenye mradi, kwa mkataba wa peke yake, kabla zabuni ya ujenzi haijatangazwa, na ripoti yake wapewe washindani wote na wananchi wanaoishi chini ya bwawa. Wananchi wengi hawataielewa yote, lakini mwalimu wa sekondari, fundi au mhandisi mstaafu wa eneo hilo ataielewa vya kutosha kuuliza swali moja gumu.

Linalofuata ni gumu zaidi kisiasa. Hata uchunguzi mzuri huona sehemu ndogo tu ya msingi. Iliyobaki huonekana mtaro unapochimbwa. Pale ndipo hugundulika mkondo wa kale wa mchanga uliofukiwa, au tabaka la mfinyanzi lenye mikwaruzo kama la Carsington, na pale ndipo kazi inapaswa kusimama, usanifu ubadilishwe na fedha ziongezwe. Lakini baada ya kashfa za zabuni za mabwawa zilizoitikisa Kenya, ofisa anayeidhinisha kazi ya ziada hutazamwa kama mshukiwa, na ninaelewa kwa nini. Matokeo yake ni kwamba mhandisi mwaminifu anayeona mchanga mahali palipoandikwa mfinyanzi ana sababu nyingi za kufukia na kuendelea. Tunahitaji utaratibu unaotenganisha ongezeko linalotokana na ardhi na ongezeko linalotokana na wizi: mwanajiolojia asiyelipwa na mkandarasi, aliye na mamlaka ya kukagua na kupiga picha msingi wote kabla haujafunikwa, na kusaini kwamba kilichoonekana ndicho kilichosanifiwa, au sicho. Fedha za dharura za msingi ziwekwe wazi katika bajeti tangu mwanzo, zikaguliwe, na zisipotumika zirudi.

Kuna pia suala la kujaza kwa mara ya kwanza, ambalo kwetu limegeuzwa kuwa sherehe. Teton ilijazwa kwa kasi kuliko ilivyokusudiwa kwa sababu njia kuu ya kutolea maji haikuwa imekamilika. Hapakuwa na namna ya kupunguza kasi mto ulipoongezeka. Kujaza kwa mara ya kwanza ni jaribio la msingi, na jaribio lisilo na njia ya kulisimamisha halifai kuanza. Maji yapandishwe kwa hatua, yaachwe yatulie katika kila hatua, pizomita, yaani vipimo vya shinikizo la maji, zilizofukiwa kwenye msingi zisomwe, mvujo upimwe, na uzinduzi ungoje. Ninajua ratiba za viongozi zilivyo, lakini shinikizo la maji ndani ya mfinyanzi hushuka kwa miezi, na halina itifaki.

Baada ya sherehe, anayebaki na bwawa ni mlinzi wa lango, mara nyingi kijana wa kijijini aliyeajiriwa kuzuia watoto wasiogelee na ng'ombe wasikanyage tuta. Mtu huyo ndiye chombo cha thamani kuliko vyote vilivyopo pale. Akipewa chupa ya kioo, daftari na namba ya simu inayopokelewa, na akifundishwa kuteka maji ya mvujo mahali palepale kila wiki na kuyaacha yatulie mbele ya mwanga, ataona tope kabla ya mhandisi yeyote wa makao makuu. Afundishwe pia kutambua mchanga unaochemka kama uji kwenye mguu wa tuta, sehemu inayobaki kijani wakati majani mengine yamekauka, na ukingo wa juu unaoanza kubonyea. Mshahara wake ni mdogo kuliko posho ya kikao kimoja.

Orodha kama ile ya mabwawa 178 itaandikwa tena, kwa kuwa mvua kubwa zitarudi. Itakapoandikwa, pamoja na kiasi cha maji, ionyeshe kwa kila bwawa aina ya udongo wa msingi, kama kuna chujio, tarehe ya mwisho ambayo mtu mwenye ujuzi alitembea kwenye mguu wa tuta, na rangi ya mvujo siku hiyo. Kwa mabwawa mengi nafasi hizo zitakuwa tupu. Ukaguzi uanzie hapo, wakati wa kiangazi, nyufa zikiwa zimefunguka na mguu wa tuta ukiwa mkavu kiasi cha kuonyesha panapolowa.